Uchaga wa mbao juu ya ngazi: kuushika ukutani, kuutia nguzo au kuuning'iniza?

Juu ya ngazi nyingi kuna nafasi iliyokaa bure, kati ya vichwa vya wapitaji na dari. Uchaga mdogo wa mbao hapo, tuseme mita 1 kutoka ukuta hadi ukuta na mita 1.2 kwenda ndani, unatosha masanduku, matandiko na vyombo vinavyotolewa mara mbili tatu kwa mwaka. Wengi wakianza kupanga kazi hii huuliza kwanza wanunue mbao gani. Kwa upana wa mita 1 swali hilo halina uzito mkubwa. Boriti za inchi 2 kwa 4, zikisimamishwa kwa upande mwembamba na kupangwa kila sentimita 40, hazipindi hata milimita 1 chini ya mzigo wa kilo 300 kwa mita ya mraba. Uchaga ukianguka, mara nyingi huwa umeachia pale mbao inapokutana na nyumba. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia ukutani, na mbao zinakuja baadaye.

Ujue ukuta kabla ya kununua chochote

Kugonga kwa kifundo cha kidole kunasaidia kidogo tu, kwa sababu plasta nene hudanganya sikio. Toboa tundu moja la majaribio la milimita 6 mahali patakapofunikwa na ubao, uangalie unga unaotoka. Unga mwekundu unaoendelea kutoka mpaka sentimita 8 ni tofali la kuchoma lisilo na uwazi. Unga wa kijivu, drili ikilia na kusonga polepole, ni zege. Biti ikizama ghafla baada ya sentimita 3 au 4 kupita plasta, hilo ni tofali la saruji lenye matundu. Unga mweupe laini kisha utupu baada ya sentimita 1 hivi ni jipsamu. Ikiwa unga mwekundu unageuka mchanga laini katikati ya safari, umeingia kwenye udongo wa kiungio. Sogea sentimita chache, maana bolti inatakiwa ikae ndani ya tofali lenyewe.

Jaribu kuta zote mbili. Ni kawaida ukuta mmoja wa ngazi kuwa wa tofali na wa pili kuwa kizigeu chepesi, na hapo njia ya kuushika uchaga inabadilika upande mmoja tu. Kabla ya kutoboa angalia swichi ya taa ya ngazi iko wapi. Waya zake kwa kawaida hupanda wima kutoka swichini, na mstari huo usiguswe.

Nafasi ya kupita

Kanuni nyingi za ujenzi hutaka mita 2 hivi za uwazi juu ya ngazi, zikipimwa wima kutoka mstari unaounganisha kingo za vidato. Weka ubao mrefu ulionyooka juu ya kingo hizo, kisha pima kwenda juu pale ambapo mwisho wa uchaga wa upande wa juu ya ngazi utakuwa. Hapo ndipo kichwa hugonga, kwa sababu vidato vinapanda huku uchaga umelala. Uchaga ukisogezwa sentimita 25 kuelekea juu ya ngazi, yaani kidato kimoja, unapoteza takriban sentimita 17 za kichwa. Ongeza hesabu ya kabati au godoro litakalopita siku moja likiwa limesimamishwa.

Unene wa uchaga wenyewe unahesabika. Boriti ikikaa katikati ya mbao za ukutani (zile zinazofungwa ukutani ili kubeba boriti) kwa viatu vya chuma, yaani vibebeo vya bati vinavyopokea ncha ya boriti, unene wote ni kama sentimita 12. Boriti ikilazwa juu ya ubao wa ukutani, kandokando unafika sentimita 22. Penye nafasi finyu tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua.

Kuushika ukutani

Ukuta ukiwa wa tofali lisilo na uwazi au wa zege, hatuoni sababu ya kutafuta njia nyingine. Uchaga ulioshikwa ukutani hautumii sakafu, haupunguzi upana wa ngazi, na mzigo unashuka moja kwa moja kwenye ukuta ambao tayari umebeba nyumba.

Kwa uchaga wa mita 1 kwa 1.2 unahitaji mbao mbili za ukutani za inchi 2 kwa 4, kila moja sentimita 120, na boriti nne za sentimita 91 zitakazoingia katikati yake. Viatu vya chuma ni vinane. Bolti za kutanuka za milimita 10 au 12 ni sita, tatu kila upande, kwenye sentimita 10, 60 na 110 za urefu wa ubao. Bolti isikaribie mwisho wa ubao kuliko sentimita 10 hizo, la sivyo ubao hupasuka kufuata nyuzi. Kila bolti iwe na washa pana. Washa ndogo huzama kwenye mbao laini na mkazo wote unapotea.

Mzigo wa kilo 200 kwa mita ya mraba pamoja na uzito wa uchaga wenyewe, kama kilo 27, unafanya kila ubao ubebe kilo 135 hivi, yaani kilo 45 kwa bolti. Ni kidogo kwa bolti iliyokaa vizuri kwenye tofali imara. Shida ni neno hilo "vizuri". Tundu lisiposafishwa, unga unabaki ndani, bolti inajibana dhidi ya unga badala ya tofali, na ukikaza nati inakuja nje taratibu kana kwamba hujafika mwisho. Pulizia tundu, sugua kwa brashi ndogo ya duara, pulizia tena. Bolti iingie sentimita 8 mpaka 10 ndani ya tofali bila kuhesabu plasta, kwani plasta haibebi kitu. Karibu na kona au ukingo wa ukuta bolti ya kutanuka inaweza kulipasua tofali. Hapo tumia fimbo ya hesi (fimbo ya chuma yenye nyuzi za skrubu) iliyokazwa kwa gundi ya kemikali, ambayo haisukumi kando.

Kwenye tofali lenye matundu bolti ya kutanuka haifai hata kidogo. Ganda la sentimita 3 linavunjika kwa ndani, nati inaonekana imekaza, na hakuna dalili yoyote nje mpaka siku mzigo unapokamilika. Zipo njia mbili za kweli. Ya kwanza ni gundi ya kemikali pamoja na mfuko wa wavu unaotangulia kuingia tunduni, ili gundi ivimbe nyuma ya ganda na kushika. Ya pili ni kutoboa hadi upande wa pili na kupitisha fimbo ya hesi yenye bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10 huko nyuma. Ya pili inaonekana chumbani na si nzuri kwa macho, lakini unaiona ikishika.

Wapo wanaopenda kuchimba ukuta na kuzamisha ncha za boriti. Ni njia ya zamani na imara, boriti ikikaa angalau sentimita 7.5 ndani. Lakini ncha iliyofungiwa kwa saruji kwenye ukuta unaopitisha unyevu huoza kutoka ndani, mahali usipoona. Ukiichagua, paka ncha lami au dawa ya mbao, acha uwazi mdogo wa hewa nyuma yake, na usiifanye kwenye ukuta mnaotumia pamoja na jirani: kila tundu hapo ni njia ya kelele na ya moto. Kwa uchaga mdogo hivi, kazi na vumbi lake havilipi.

Viatu vya chuma navyo vina namna ya kuharibika. Matundu yote yajazwe misumari mifupi minene iliyotengenezwa kwa viatu hivyo. Skrubu nyeusi za jipsamu ziko kila mahali na huingia kwa urahisi, ndiyo maana watu huzitumia, ila chuma chake ni kigumu na hukatika ghafla kikibebeshwa mzigo wa kukata kutoka juu. Kupigilia misumari ya kimshazari kwenye ncha za boriti bila kiatu kunapasua ncha, na mbao ikikauka msumari unalegea.

Kuutia nguzo

Nguzo zinafaa ukuta usipobeba: jipsamu juu ya fremu ya bati jembamba, udongo, tofali lililochakaa, au nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki matundu. Nguzo za inchi 3 kwa 3 zinatosha kabisa kwa mzigo huu. Tatizo lake ni mahali pa kusimama. Juu ya ngazi hakuna sakafu sawa. Kuna vidato, na kituo cha katikati kama ngazi inakunja. Ngazi ya zege inaweza kubeba nguzo juu ya kidato, kwa sharti mguu uwe na bamba na kizuizi cha kuteleza. Ngazi ya mbao isitwishwe nguzo juu ya kidato, kwa sababu kidato kimeundwa kubeba mguu wa mtu anayepita na si mzigo wa kudumu katikati yake.

Gharama ya pili ni upana. Nguzo mbili za sentimita 7.5 zikisimama pande zote za ngazi ya sentimita 90 zinaacha sentimita 75, na kishikio cha mkono nacho kinadai chake. Kubeba kiti kupanda juu kutakuwa mtihani. Tena nguzo ndefu bila mihimili ya mshazari huyumba. Si kwamba itaanguka, ila kila ukisukuma sanduku uchaga wote unacheza na viungo vinalegea. Mshazari mmoja kila upande, au skrubu mbili tatu za kuituliza nguzo ukutani bila kuibebesha ukuta mzigo, unamaliza tatizo hilo.

Kizigeu cha jipsamu chenye fremu ya mbao ni habari tofauti. Tafuta miti ya ndani, ambayo kwa kawaida huwa kila sentimita 40 au 60, na ushike ubao wa ukutani kwa skrubu nene za milimita 8 kwa 100 zinazoingia katikati ya kila mti, mbili kwa kila mti. Fremu ikiwa ya bati jembamba, usijaribu. Weka nguzo upande huo na ubao wa ukutani upande wa pili wenye tofali. Mchanganyiko huu hausemwi sana, na kwa ngazi nyingi zenye kizigeu ndio jibu letu.

Kuuning'iniza

Fimbo nne za hesi za milimita 10 kutoka kwenye zege la juu huonekana nyepesi na nadhifu, na fimbo yenyewe haikatiki hata kwa tani 1. Ila hapa bolti inavutwa kutoka zegeni usiku na mchana, tofauti na ukutani ambako inabebeshwa kwa ubavu. Zege likipata ufa unaopita kwenye tundu, bolti ya kawaida hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake. Tumia zile zilizoandikwa kuwa zinafaa zege lenye nyufa. Plagi za plastiki hazina kazi hapa. Sakafu iliyofinyangwa kiwandani yenye waya za chuma zilizovutwa kwa nguvu ndani isitobolewe bila mchoro unaoonyesha waya ziko wapi, kwa sababu kukata waya mmoja ni kudhoofisha sakafu nzima.

Kuning'iniza kwenye kenchi za paa ni jambo tunalolikataa waziwazi. Mti wa chini wa kenchi nyingi umehesabiwa kubeba dari na uzito mdogo juu yake. Kilo 270 zikining'inia katikati zinaupinda, na dari ya jipsamu inaanza kuonyesha mistari ya nyufa kwenye viungio vyake kabla ya kitu kingine.

Uchaga wa kuning'inia hubembea, kwa hiyo uufunge ukutani sehemu mbili hata kama ni kwa skrubu nyepesi. Ubora wake mmoja wa kweli ni kwamba hauhitaji kuta zinazotazamana. Ngazi iliyo wazi upande mmoja inaweza kuutumia upande huo tu, huku upande wa pili ukishikwa ukutani.

Mbao, sasa

Urefu kutoka mshiko hadi mshiko ukiwa chini ya mita 1.5, chukua 2 kwa 4 na usifikiri zaidi. Mita 2 ndiyo kikomo chake: kwa kilo 200 kwa mita ya mraba boriti inashuka kama milimita 7 katikati. Kwa mita 2.4, upana wa ngazi mbili zinazopakana, 2 kwa 4 inashuka milimita 15, na 2 kwa 6 inashuka 4 hivi. Mzigo ukikaa miezi mingi bila kuondolewa mbao huendelea kulegea polepole, na mpindo wa mwanzo unaweza kuongezeka kwa nusu na zaidi. Boriti ileile ya 2 kwa 4 ikilazwa bapa ili kuokoa nafasi ya kichwa hupoteza ugumu wake mara nne. Penye shida ya kichwa ni afadhali boriti za kimo kidogo zaidi, zikisogezwa karibukaribu, kila sentimita 30, zikiwa bado zimesimama.

Nunua mbao kavu. Ubao mbichi wa sentimita 10 unaweza kupungua milimita kadhaa ukikauka ndani ya nyumba. Nati zinalegea, boriti zinatofautiana kimo, na uchaga unaanza kulia kila ukiguswa. Pima kila boriti peke yake kwa sababu kuta za ngazi mara chache huwa sambamba, na tofauti ya sentimita 1 au 2 kati ya mbele na nyuma si ajabu. Kata kila moja pungufu milimita 3. Kusawazisha pande mbili kunafanyika vizuri zaidi kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji, uliotolewa mapovu, kuliko kwa pima maji fupi juu ya ubao uliopinda.

Kwa sakafu ya uchaga, plaiwudi ya milimita 18 inashinda kwa wengi. Nusu ya karatasi ya sentimita 122 kwa 244 inatosha, nyuzi za uso zikikatiza boriti na si kwenda nazo, kwa skrubu kama 40 za milimita 4 kwa 50: kila sentimita 15 pembeni, kila 30 katikati. Acha milimita 5 kati yake na plasta, vinginevyo itasugua ukuta na kulia. Vipande vya mbao vilivyoachiwa nafasi vinapitisha hewa na mwanga, jambo zuri kama taa au dirisha liko juu, lakini vumbi na kila kidogo kinachodondoka kitaangukia ngazini. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi) na chipubodi ni nafuu na laini kwa macho. Zinapinda chini ya mzigo wa kudumu, zinavimba zikipata unyevu, na skrubu ya ukingoni hung'oka. Hizo yaachie makabati.

Kufikia mzigo

Mkono wa mtu mzima unafika sentimita 60 kwa raha. Kina cha sentimita 120 maana yake nusu ya nyuma ni ya vitu vitakavyosahaulika, isipokuwa viwe kwenye makasha yenye kamba ya kuvutia mbele. Kama uchaga unafikiwa kutoka sakafu ya juu, weka ukingo wa ubao wenye kimo cha sentimita 10 mpaka 15 upande unaotazama ngazi. Sanduku lisiteleze juu ya mtu anayepanda. Kama mtu atapanda juu yake, hiyo ni sakafu, na inahitaji kizuizi cha sentimita 90 au zaidi na hesabu nyingine kabisa.

Uchaga wa kuondoleka, ambao sakafu yake inainuliwa kwa vipande viwili bila skrubu, unastahili kufikiriwa kwa sababu moja tu: kupitisha fanicha ndefu. Bei yake ni kwamba sakafu haifungi tena boriti pamoja. Tia vipande vya kuzuia boriti zisiinamie ubavu kati ya kila mbili, na uweke kishikio kitakachozuia plaiwudi isiruke pembe moja ikikanyagwa.

Masanduku ya vitabu ndiyo huvunja hesabu. Sanduku la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 lililojaa vitabu ni kilo 20 na zaidi. Tisa yanaenea tabaka moja, na tabaka mbili ni kilo 360, yaani 300 kwa mita ya mraba. Kanuni nyingi hukadiria sakafu ya nyumba ya kuishi kwa 150 mpaka 200. Boriti za 2 kwa 4 za mita 1 zitavumilia. Bolti zilizoingia kwenye udongo wa kiungio hazitavumilia. Rangi, mafuta ya taa na mitungi ya gesi visiwekwe hapo hata kama uzito unaruhusu, maana ngazi ndiyo njia ya kutokea moto ukiwaka.

Wakati wa kujenga, shimo la ngazi lifunikwe kwanza: mbao nene zenye upana wa angalau sentimita 25, zilizofungwa zisiteleze, kutoka kituo cha juu hadi kwenye ngazi ya kupandia iliyofungwa chini. Kutoboa ukuta kwa mikono miwili juu ya kidato kimoja ndiyo sehemu ya hatari zaidi ya kazi yote. Miezi mitatu baada ya kupakia, toa masanduku ya pembeni, kaza nati zote, kisha rudia baada ya msimu wa ukame kupita.